Masimango Yaliyoandikwa Kuwa Utani

Mliofika kutoka Likoni na Changamwe, mliofika kutoka Miritini na bara ya mbali, mlioketi chini ya turubai na mliosimama juani kwa kukosa viti, familia ya marehemu Morgan Kaviha Nguma inawashukuru kwa kuja kumsindikiza leo, Jumamosi tarehe nane Machi mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, hapa nyumbani kwao Mwakirunge. Historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Velma, bintiye wa kwanza, lakini sehemu kubwa iliandikwa na marehemu mwenyewe katika majuma yake ya mwisho, naye aliagiza isipunguzwe. Wako jamaa walioomba ipunguzwe, na wakili naye alishauri hivyo hivyo, kwa kuwa jambo moja lililomo lingali mbele ya mahakama. Familia ilikaa juzi ikalizungumza, na mjane akasema, "Alinyamaza miaka kumi na miwili. Mimi simnyamazishi tena akiwa ndani ya sanduku." Kwa hiyo itasomwa yote, na atakayeona vigumu kuketi hadi mwisho, familia haitamlaumu akiinuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1959 hapa hapa Mwakirunge, wakati machimbo ya mawe hayajaanza na upande ule wote ulikuwa mihogo na mikorosho, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nguma na Bi. Kadzo, ambao wote wawili walitangulia. Alikuwa mtoto asiyesema sana, mwenye kusikiliza watu wazima wakizungumza mpaka akafukuzwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1967 katika shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, na akiwa darasa la sita, mwaka wa 1972, kulitokea jambo ambalo watoto wake walilisikia mara nyingi. Aliitwa asome Kiingereza mbele ya wenzake, akafika kwenye neno "island", akalitamka kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na darasa zima likaangua kicheko, mmoja akaiga sauti yake, na wale wa nyuma wakazomea na kugonga madawati. Mwalimu wao, Mwalimu Sharif, mzaliwa wa Likoni, hakushika fimbo. Aligeukia ubao akaandika maneno manne, moja chini ya jingine: laugh, tease, mock, jeer.

"Mliocheka tu," akasema, "nyinyi mmefanya la kwanza. Wewe uliyemwiga sauti, umefanya la tatu. Nyinyi wa nyuma mliozomea, hilo la nne, na halifanywi na mtu mmoja, linataka kundi. Sasa la pili amelifanya nani?"

Akaligonga neno la pili kwa chaki.

"La pili ni utani. Hufanywa na mtu anayekupenda, naye huacha ukimwambia acha. Hapa hakuna aliyelifanya. Keti, Morgan."

Jumamosi iliyofuata marehemu alinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, na juu ya ukurasa wa kwanza akayaandika maneno yale manne. Daftari hilo lilipojaa alinunua jingine, na mpaka anastaafu yalikuwa kumi na saba, yote ya maneno ya Kiingereza na majirani zao wa Kiswahili, Kigiriama na Kidigo, ila lile la kwanza lilibaki kuwa la kudhihakiana peke yake, akiliongezea kila mwaka.

Masomo ya sekondari aliyapata kati ya mwaka wa 1974 na 1977, na tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa kuwa karani na mkalimani katika mahakama moja ya hapa Pwani, ambayo familia imeona isiitaje. Huko alifanya kazi miaka arobaini, akiwatafsiria wenye kushtaki na wenye kushtakiwa, na sifa yake ilikuwa hii, kwamba hakuwa mtu wa kutosheka na neno la karibu. Mawakili wa zamani walikuwa wakimfuata mezani kwake wakati wa chai. Aliwaeleza kwamba "sneer" haihitaji sauti, ni mdomo uliopinda tu, na mtu anaweza kuapa kwamba hakusema kitu na bado akawa amelifanya. Kwamba "scoff" humwendea mtu lakini hulenga zaidi alichokisema au anachokiamini. Kwamba "ridicule" ni kumfanya mtu kichekesho mbele ya wengine, na "deride" ni lile lile likiwa limevaa suti. "Taunt" aliliweka peke yake upande wa pili wa ukurasa. Aliandika hivi: "Hili ni la kumgusa mtu mahali unapojua panauma, tena kwa makusudi, ili aghadhibike. Ndilo lililo karibu zaidi na kusimanga, ingawa halimalizi, kwa kuwa anayesimanga hukutajia wema aliokutendea."

Kwenye mahakama hiyo ndiko alikomkuta Njeri, binti wa Nyeri aliyekuwa mpiga chapa, ambaye Kiswahili chake wakati huo, yeye mwenyewe anakiri, kilikuwa cha bara kabisa. Siku moja mwaka wa 1985, kwenye chai ya saa nne, Njeri alisema, "Nipatie kachai kadogo," na marehemu akarudia polepole, "Kachai."

"Unanicheka?"

"Nakutania."

"Kwani kuna tofauti?"

"Ukikasirika sasa hivi mimi nitaacha. Anayekucheka haachi."

Njeri hakukasirika, na tarehe 20 Desemba 1986 walifunga ndoa kanisani Changamwe. Mungu akawajalia watoto watatu, Velma mwaka wa 1988, Nguma mwaka wa 1991 na Kadzo mwaka wa 1995. Waliishi kwanza nyumba ya kupanga Port Reitz, ndege zikipita juu ya bati, kisha mwaka wa 2005 wakahamia nyumba yao wenyewe Miritini, kabla reli mpya haijafika na ardhi haijapanda. Alikuwa baba wa kurudi nyumbani mapema, asiyelewa, aliyepika wali wa nazi kila Jumapili na kukataa msaada jikoni.

Sasa historia inafika mahali ambapo marehemu aliandika juu ya karatasi, "Hapa soma taratibu."

Tarehe 9 Juni 2010, saa tano asubuhi, kwenye machimbo yasiyo mbali na hapa tulipoketi, kijana mkata mawe aitwaye Kai, wakati huo ana miaka ishirini na minne, alimpiga nyapara wake, Boga, kwa mtaimbo, mara moja, kichwani, na Boga akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hayo Kai hakuyakana. Miezi minne kabla yake, bintiye Kai, mtoto wa miaka mitatu, aliugua ghafla, na Boga ndiye aliyetoa lori la machimbo limkimbize hospitali, jambo la wema ambalo hakuna aliyelipinga, lakini mtoto akafia njiani. Tangu siku ile, Boga hakuacha kulitaja lori lile. Kai akichelewa kazini, lori. Kai akiomba kupumzika, lori. Kwamba alipoteza dizeli yake kubeba maiti. Maneno haya familia imeyajua baadaye sana, maana kortini hayakusemwa.

Kilichosemwa kortini, Jumanne tarehe 6 Machi 2012, kilisemwa na shahidi mmoja, Mwanarehema, mwanamke aliyekuwa akiuza chai na mahamri pale machimboni. Wale wakata mawe wengine walikuwa bado wanafanya kazi pale pale, na kila aliyeitwa alisema hakusikia kitu kwa sababu ya kelele za mashine. Mwanarehema peke yake alisema alisikia. Wakili wa Kai alimuuliza Boga alimfanya nini Kai asubuhi ile, naye akajibu, "Alimsimanga kwa mtoto wake."

Mjue kwamba jaji aliyekuwa akisikiza kesi hakuwa mtu wa Pwani, aliandika kwa mkono wake kwa Kiingereza, na aliandika kile tu alichotafsiriwa. Mjue pia kwamba siku nne kabla yake, katika kesi nyingine, marehemu alikuwa ameanza kueleza maana ya kusuta, na jaji akamkatiza mbele ya watu wote, "Karani, sikuomba hadithi. Neno moja kwa neno moja." Vijana wa masjala walicheka, na mmoja alimwiga jioni ile kwenye ngazi. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na barua yake ya kupandishwa cheo ilikuwa inangoja saini.

Kwa hiyo Mwanarehema aliposema kusimanga, marehemu alivuta pumzi, akaanza, "Mheshimiwa, neno hili lina maana ya," na jaji akainua kalamu bila kuinua macho. Marehemu akasema, "He teased him about his child." Kwamba alimtania.

Kwa nini ulimi ulikwenda huko, hakuwahi kupata jibu, wala hakujitafutia udhuru. Aliandika kwamba lile neno sahihi lilikuwa karibu, alikuwa nalo tangu utoto, na lilipotoka lile jingine alijua papo hapo, kabla kalamu haijafika mwisho wa mstari. Wakili aliendelea kumuuliza Mwanarehema, "Alimwambia maneno gani hasa?"

"Wallahi, maneno yale siyatii kinywani mwangu," akasema. "Mwenyewe keshakufa, na mtoto keshakufa. Nimesema alimsimanga. Ajuaye Kiswahili ameshanielewa."

Basi uzito wote wa utetezi wa Kai, kwamba alichokozwa hadi akashindwa kujizuia, ukabaki juu ya neno moja, na neno hilo halikuwa ndilo. Wakati wa mapumziko marehemu alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya jaji akiwa amekusudia kulirekebisha. Alisikia jaji akicheka na mtu ndani. Alisimama kidogo, akarudi mezani kwake, akajiambia kwamba shahidi mwingine atalieleza. Hakukuwa na shahidi mwingine.

Hukumu ilisomwa tarehe 19 Oktoba 2012. Jaji alisema kwamba utani baina ya watu wafanyao kazi pamoja, hata ukiwa wa kuudhi, hautoshi kumfanya mtu mwenye akili timamu ainue chuma, na kwamba haya yalikuwa mauaji ya kukusudia. Aliyekuwa amesimama kando ya kizimba akimtafsiria Kai sentensi moja baada ya nyingine alikuwa marehemu. Alilazimika kulichukua lile neno lake kutoka kwenye Kiingereza na kulirudisha kwa Kiswahili, akamwambia Kai usoni, "Mahakama inasema ulikuwa utani," kisha akamtafsiria adhabu ya kifo, ambayo miaka iliyofuata ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Alipotoka ukumbini alimkuta mwanamke mrefu aliyejifunga leso mbili, akimngoja penye ngazi. Huyo ni Mama Kafedha, mamake Kai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo. Mwanarehema alisema kusimanga. Jaji amesema utani. Hilo neno limebadilika wapi?"

Marehemu alimjibu, "Mama, Kiingereza ni kigumu."

"Haya," akasema Mama Kafedha. "Nitangoja."

Tangu juma lililofuata alianza kuja mahakamani kila Jumatano, kwenye kesi zisizomhusu, akakaa benchi la mwisho, mikono juu ya magoti, na kila marehemu alipofungua kinywa kutafsiri, mama huyu alimtazama mdomo. Hakusema neno, hakumfuata nje, hakulia. Askari wa mahakama walimzoea, wakamwona ni bibi asiye na kazi. Marehemu alianza kukawia kujibu, akawa anarudia neno mara mbili, na yule aliyekuwa akisifiwa kwa usahihi akaanza kuombwa na mawakili aseme upya. Mwaka wa 2014 aliomba mwenyewe ahamishiwe masjala, kwenye faili, mahali pasipotakiwa mtu kuzungumza. Jumatano ya kwanza aliinua macho akatazama dirishani, akamwona Mama Kafedha ameketi kwenye ubao mkabala na dirisha. Rufani ya Kai ilikataliwa mwezi wa Mei mwaka wa 2015, majaji wakisema wanafuata kumbukumbu zilivyoandikwa, na faili hiyo ilipita mikononi mwake, akaigonga muhuri.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2019. Mwezi wa Februari uliofuata, Jumatano asubuhi, mtu alibisha hodi Miritini. Njeri alidhani ni jamaa wa Mwakirunge, akamkaribisha, akamtilia chai, na Mama Kafedha akakaa sebuleni mpaka saa sita, akauliza hali za watoto, akashukuru, akaondoka. Ikawa hivyo takriban kila mwezi. Njeri alipouliza huyu mama ni nani, marehemu alijibu ni mtu wa zamani wa kazini. Watoto waliona kwamba siku hizo baba yao hali chakula cha mchana. Mara moja Velma alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akamuuliza kama kuna jambo wangeweza kumsaidia, na akajibiwa kwa upole, "Baba yako analijua. Mimi sina haraka, mwanangu, aliye na haraka ni yule aliye ndani."

Mwaka wa 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari, mwaka wa 2023 figo zikaanza kushindwa, na kuanzia Oktoba mwaka huo alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Familia inajua yaliyosemwa mtaani, na inajua kwamba wako wanaoyasema hapa leo, huko nyuma karibu na masufuria. Basi isikike wazi kwamba marehemu aliugua kisukari, ugonjwa uliomuua pia Mzee Nguma, na kwamba Mama Kafedha hakumwapiza mtu wala hakuleta kitu nyumbani kwetu. Alikaa tu. Marehemu mwenyewe aliandika kwamba kama mama huyo angemtukana, au angemzomea mbele za watu, angalau angelijua jina la kile anachofanyiwa, lakini katika daftari lake lote hakupata kitenzi chake.

Mwezi wa Aprili 2024, Njeri akitafuta kadi ya hospitali, alilifungua lile daftari la kwanza, na chini ya "tease" akakuta wino tofauti: "6/3/2012. Nilisema hili. Silo." Alikwenda nalo kitandani. Marehemu akamweleza yote, na Njeri, aliyekuwa amepiga chapa hukumu maisha yake yote na kujua zinavyojengwa, alilifunga daftari.

"Umeniacha nimtilie chai yule mama miaka minne," akasema, "nawe umelikalia neno lake."

Mama Kafedha alipokuja tena, marehemu alimwambia mwenyewe. Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, "Utakwenda kulisema huko huko, au umeniambia mimi tu?"

Tarehe 11 Juni 2024, mbele ya wakili, marehemu aliapa hati ya kurasa tano, akieleza neno alilosikia, neno alilosema, tofauti iliyopo kati yake, na kwamba alijua siku ile ile. Wakili aliitumia kuomba kesi ya Kai isikizwe upya. Hati hiyo haikudai kwamba Kai hakuua. Marehemu alisisitiza hilo mara tatu.

Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024, baada ya adhuhuri, wageni watatu walifika Miritini. Aliyezungumza alikuwa Mansur, ndugu yake Boga, mtu mpole wa maneno, na wawili waliobaki hawakuketi.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa maradhi."

"Marahaba. Karibuni."

"Nimesikia unataka kumtoa mtu."

"Simtoi mtu. Nasema nilikosea neno."

"Kwako ni neno," akasema Mansur. "Ndugu yangu alipigwa mtaimbo mbele ya watu. Alitoa lori lake kwa mtoto wa mtu, akapigwa mtaimbo. Sasa utasimama kortini useme alikuwa mtu wa kusimanga, na wanawe wasikie."

Marehemu aliandika kwamba Mansur alikuwa na haki ya kusema vile. Lakini Mansur aliinuka akazitazama picha za watoto ukutani, moja moja, akauliza, "Wote hawa wako? Yule mwenye duka la dawa hapa karibu na stesheni ya reli ni yupi?"

Njeri ndiye aliyejibu, kwamba ni Velma.

"Mashallah," akasema Mansur. "Nimeshapita pale mara mbili. Hufunga jioni sana, peke yake." Akaaga vizuri, wakaondoka.

Tangu hapo simu zilikuwa zikiingia zisizo na mtu upande wa pili, na mara mbili kufuli la duka lilikutwa limegeuzwa, halikuvunjwa, limegeuzwa tu likatazama ukutani. Jambo hilo liliripotiwa kituoni. Nguma alimsihi baba yao aiondoe hati. Marehemu alimwita Velma akamwachia yeye uamuzi, na Velma akasema ibaki. Kama Mansur yuko kati yetu leo, familia inamkaribisha, chakula kipo, na inamwomba aketi mahali tunapoweza kumwona.

Upande wa serikali ulitaka marehemu afike mwenyewe aulizwe maswali juu ya hati yake. Tarehe ya kwanza, 18 Novemba, alikuwa wodini. Tarehe ya pili iliwekwa kuwa Jumatatu, 24 Machi mwaka huu. Mwezi wa Januari alimwandikia Kai gerezani, akamwomba msamaha, akamwambia kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyejua ila yeye na Mungu. Majibu yalifika Jumanne tarehe 25 Februari, kupitia kwa mchungaji wa gereza, na kwa kuwa macho ya marehemu yalikuwa yameshaingia ukungu, Velma ndiye aliyemsomea. Barua yenyewe ni hii, na inasomwa ilivyo:

"Mzee Kaviha, salamu. Unasema hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Nilifika darasa la nane, na hilo neno teased nilifundishwa. Ulipolisema nilikuangalia, nikasema moyoni huyu ni mtu mzima, atalirudia sasa hivi. Nikangoja. Sikusema kwa sababu sikujua kama mshtakiwa anaruhusiwa kusahihisha Kiingereza cha korti, na nilidhani pengine wewe unajua sababu. Siku ya hukumu ukaniambia kwa mdomo wako ulikuwa utani, nikajua hutalirudia. Boga nilimuua, na namuomba Mungu kila siku kwa hilo. Lakini sikuua kwa utani. Nimefurahi umesema. Tarehe ishirini na nne ukija, sema kwa sauti, kule nyuma alikokaa mama hakusikiki vizuri. Ni mimi, Kai."

Marehemu aliomba isomwe mara ya pili, ilipokwisha akageukia ukuta, na tangu hapo hakusema jambo jingine kwa mtu yeyote, si kwa mkewe, si kwa mchungaji. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Februari 2025, saa tatu asubuhi, siku ishirini na tano kabla ya kusimama mbele ya jaji, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Wakili ametueleza kwamba hati ya mtu aliyekufa haiwezi kuulizwa maswali, na mahakama inaweza kuipa uzito mdogo, au isiipe kabisa. Mwanarehema yuko hai, anaishi Likoni, ameombwa aje safari hii ayaseme maneno yenyewe, na mpaka asubuhi ya leo hajajibu. Mama Kafedha yuko nasi, kwenye kiti cha pili kutoka mwisho. Familia ilimpa nafasi ya kusema, naye akakataa, akasema atangoja tarehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wa chumba cha mashine waliomjua kwa jina, majirani wa Miritini waliolala nasi juma hili lote, majirani wa Mwakirunge waliochimba kaburi, wenye machimbo waliosimamisha kazi leo ili tusikizane, wafanyakazi wenzake wa zamani, waliofika na waliopiga simu kusema hawataweza kufika, na mchungaji aliyekubali haya yasomwe mbele ya jeneza. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Jumatatu ya tarehe ishirini na nne duka la dawa la Miritini litafungwa, na Velma atakuwa mahakamani na daftari mkononi, aulizwe au asiulizwe.

Pumzika, Morgan Kaviha Nguma, na amani uliyoichelewesha ikufikie.